Mzee wa Kilwa Masoko ni wa Chama Gani?

Msikilizaji, uchaguzi ukikaribia husikia watu wakisema pwani ya Lindi ni ngome ya upinzani. Wengine hudai kusini ni CCM damu. Nayakataa yote mawili.

Mwaka 2010 Kilwa Kusini ilimchagua Selemani Bungara wa CUF, chama cha upinzani. Lindi Mjini ikamchagua Salum Barwany, wa CUF pia, mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda ubunge wa jimbo nchini. Mtama, mkoa huo huo, ikabaki na Bernard Membe wa CCM, ambaye 2020 aligombea urais kupitia ACT-Wazalendo, kisha akarejea CCM. Na mwaka 2018, fedha za ushuru wa korosho zilipoleta mvutano bungeni, wabunge wa kusini wa CCM na wa upinzani walisema kauli moja.

Kaa barazani Kilwa Masoko usikilize. Mzee anayetaka gesi ya Songosongo ibaki mikononi mwa umma ndiye huyo huyo anayetaka kuuza ufuta wake kwa mnunuzi amtakaye, bila kusubiri mnada wa stakabadhi ghalani. Anaisifu elimu ya bure ya enzi za Mwalimu, na kwa pumzi hiyo hiyo anaeleza jinsi Operesheni Vijiji, iliyowahamishia watu katika vijiji vya pamoja, ilivyomtenga na minazi ya babake.

Huyu si kigeugeu. Kila jambo amelipima kwa maisha aliyoishi. Mgombea anayemletea kofia na kanga angekaa naye kwanza, amuulize habari za ufuta.