Magugu ya Kigeni Katika Nchi Kavu na Kazi ya Askari wa Doria

Katika kesi iliyofunguliwa nchini Kenya mwaka 2006, mbuzi alifikishwa mahakamani mjini Nairobi. Hakushitakiwa, aliletwa awe kielelezo. Wafugaji wa jamii ya Ilchamus kutoka Baringo walitaka mahakama ijionee kinywa cha mnyama aliyepoteza meno kwa kula maganda matamu ya mti uitwao mathenge.

Mti huo, ambao asili yake ni Amerika, ulipandwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia njema: kuzuia udongo usipeperushwe na upepo, na kuwapatia wananchi kuni. Miaka ya mwanzo ilipita bila malalamiko. Katika nchi kame, ni nani atakayelalamikia kijani? Baadaye mti ulivamia malisho na kuziba njia za kwenda majini, na miiba yake ikatoboa magurudumu na nyayo. Serikali ya Kenya ilipoutangaza kuwa gugu hatari mwaka 2008, takriban robo karne ilikuwa imekwisha pita. Huko Ethiopia, katika Jimbo la Afar, mti huo huo umekwisha enea katika zaidi ya hekta milioni moja. Sudan, ambako uliingizwa mwaka 1917, ilitoa amri ya kuung'oa mwaka 1995.

Rwanda haina jangwa. Lakini Nyagatare, Bugesera na nyanda za Akagera ni sehemu zenye mvua chache na mifugo mingi, na hizo ndizo sehemu ambazo magugu ya namna hiyo hupenda. Tena, taifa hili limekwisha kuonja gharama ya kuchelewa. Gugu maji lilisafiri kwa mto Akagera hadi Ziwa Victoria, na mwaka 1998 lilikuwa limefunika zaidi ya hekta 17,000 katika Ghuba ya Winam peke yake. Bandari ya Kisumu ilikwama. Fidia ya uzembe wa mwanzo ililipwa na nchi zote jirani.

Hapa ndipo askari anapohusika, na kwa njia mbili. Kwanza, yeye mwenyewe aweza kuwa mchukuzi. Wapo wataalamu wanaoeleza kwamba gugu la pathenio lilitawanyika mashariki ya Ethiopia kwa magari ya jeshi wakati wa vita vya Ogaden vya mwaka 1977 na 1978. Majeshi ya Rwanda yalianza kulinda amani Darfur mwaka 2004, katika nchi ambayo mathenge ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Tope lililokauka chini ya lori, mikunjo ya hema na nyayo za buti huweza kubeba mbegu kutoka upande mmoja wa Afrika hadi mwingine. Kuosha magari na vifaa kabla ya kurejea nyumbani si usafi wa gwaride tu.

Pili, askari hufika asikofika bwana shamba. Polisi wa mpakani Rusumo na Kagitumba, na askari wa doria, hupita njia zile zile mwezi baada ya mwezi. Wao ndio wawezao kutambua kilichobadilika. Kichaka kimoja kinachobaki kijani wakati wa kiangazi, hali majirani wake wamenyauka, kinastahili kutazamwa mara mbili. Vivyo hivyo mmea usiojulikana kando ya barabara, kwenye josho, kwenye kisima cha mifugo au palipoegeshwa malori ya mizigo. Mbegu za mathenge hutoka katika kinyesi cha ng'ombe na mbuzi zikiwa hai, kwa hiyo mapito ya mifugo ndiyo ya kuchunguzwa kwanza.

Anayeuona mmea wa namna hiyo na aandike mahali na tarehe katika daftari la matukio, apige picha ya jani, ua na tunda, na taarifa ifikishwe kwa afisa kilimo wa wilaya au Mamlaka ya Mazingira, REMA. Asitembee na matunda yake mfukoni. Wala asiufyeke kwa panga akadhani kazi imekwisha, kwani mathenge ikikatwa juu ya ardhi huchipua upya kwa vishina vingi zaidi. Mche unaofika magotini hung'olewa na mtu mmoja mwenye jembe, mradi achimbe hadi chini ya shina.