Nyumba Rahisi Juu ya Mgodi Uliofungwa

Ndugu zetu walioko Uingereza wana mtindo wa kutumiana matangazo ya minada ya nyumba, na katika hayo kijiji cha Horden, pwani ya Durham, hakikosi. Nyumba ya matofali, vyumba viwili juu, bahari iko karibu. Huko zimewahi kunadiwa nyumba kwa chini ya pauni 20,000. London kwa fedha hiyo hata gereji ni vigumu kuipata.

Swali la kwanza huwa: chini kuna shimo la mgodi? Lipo. Lakini shimo ndilo tatizo lililoshughulikiwa vizuri kuliko yote. Wakili wako anaagiza ripoti ya migodi kabla hujatia saini, ramani za vichuguu zimehifadhiwa, na sheria ya mwaka 1991 inasema ardhi ikititia kwa sababu ya makaa ya mawe yaliyochimbwa zamani, nyumba hutengenezwa au mwenyewe hulipwa fidia. Na wenye nyumba za namna hiyo si wachache: Uingereza nyumba moja katika kila nne imesimama juu ya maeneo yenye makaa.

Kilichoshusha bei kiko juu ya ardhi. Horden ilijengwa kwa ajili ya mgodi tu, mwanzoni mwa karne iliyopita, kwa haraka, na mitaa mingi ikapewa namba badala ya majina: Mtaa wa Kwanza, wa Pili, wa Tatu, hivyo hivyo. Mgodi ukafungwa mwaka 1987, miaka miwili baada ya mgomo mkubwa wa wachimbaji wa makaa kushindwa. Kazi ikaondoka, nyumba zikabaki.

Na Durham hawakuwa wageni wa habari hiyo ya vijiji kuachwa. Mwaka 1951 halmashauri ilipanga vijiji vyake kwa madaraja, A mpaka D. Daraja D maana yake: hapa hatuweki senti tena, acheni kife. Zaidi ya vijiji 100 vikaingizwa humo kabla sera haijaachwa mwaka 1977. Vingi vilikataa kufa. Mimi hilo ndilo linalonifanya niviheshimu.

Kisha Horden wakaja wanunuzi wa mbali, wanaonunua mnadani bila kufika, wakiangalia kodi tu. Mpangaji akihama, nyumba hufungwa kwa mbao, na mwenyewe hashiki simu. Nyumba hizi zimeungana safu nzima, ukuta kwa ukuta. Bomba likipasuka kwenye nyumba tupu wakati wa baridi, unyevu unahamia kwako wewe unayelipa kila bili.

Hata hivyo, siwaambii msinunue. Anayetaka kuishi pale anapata kitu: pwani iliyokuwa nyeusi kwa taka za mgodi ilisafishwa kuanzia mwaka 1997, na mwaka 2020 kijiji kilipata tena kituo cha treni. Wazee wa mgodini bado wapo, wanaojua kila familia ya mtaa. Anayenunua kwa picha akiwa Dubai au Birmingham, huyo ndiye anayenitia shaka.

Nenda mwenyewe, ikiwezekana mwezi wa Januari. Kabla ya kukagua jiko na bafu, bisha hodi nyumba ya kulia na ya kushoto. Kama hakuna anayeitika pande zote mbili, muulize dalali hizo mbili ni za nani, na mara ya mwisho kukaliwa ilikuwa lini.