MANAHODHA WENGI KIWANJANI

Maneno kwa watazamaji wa michezo ya watoto wa shule, Mwanza na kando ya Ziwa

Leo hatukuja kusema habari za pamba wala za samaki. Tumekuja kusema habari za watoto wetu wachezapo mpira, na za sisi tusimamao kando ya mstari.

Kila mwaka watoto wa shule za msingi hushindana katika michezo ya UMITASHUMTA, na wa sekondari katika UMISSETA. Huanza shuleni, wakapanda kata, wilaya, mkoa, hata taifa. Mwaka 2017 vijana wa UMISSETA kutoka mikoa mingi walikusanyika hapa kwetu Mwanza. Ni jambo la fahari. Lakini fahari yetu ina doa.

Siku moja, katika kiwanja cha shule kando ya Ziwa, tulimwona mlinda mlango ambaye umri wake haukuzidi miaka 12. Mpira ulipomjia, baba yake alipaaza sauti, "Toka!" Mjomba wake akalia, "Kaa hapo hapo!" Mwalimu naye alisema neno, lakini halikusikika. Mtoto hakutoka wala hakukaa, na mpira ukaingia. Ndipo wale wale waliomchanganya wakamzomea. Jumamosi iliyofuata hakuonekana. Tukauliza, tukaambiwa amekwenda kuchunga, na mpira hautaki tena. Basi, siku ile ni nani aliyefungwa?

Labda mtu atasema, "Sisi tangu zamani ni watu wa kushangilia, tukinyamaza tutafanana na watu wa matanga." Neno hili lina haki yake. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, watazamaji ndio waamuzi: upande uvutao watu wengi ndio ushindao. Lakini mpira una desturi nyingine. Sheria zake ni 17, na ya tano humpa mwamuzi peke yake amri ya kukata neno. Hata tukipiga kelele elfu, bao halifutiki. Kinachopungua ni moyo wa mtoto tu.

Na mwamuzi huyo mara nyingi ni mwalimu. Ukimtukana leo mbele ya mwanao, kesho utamwambia mwanao awatii walimu kwa mdomo gani?

Wala taabu hii si yetu peke yetu. Mwaka 1999, katika jimbo la Ohio, Marekani, wakuu wa mpira wa watoto wa kike waliwaomba wazazi wanyamaze kabisa Jumapili moja nzima. Uingereza nako, tangu mwaka 2008, chama cha mpira kimehimiza heshima viwanjani, na katika michezo ya watoto hutengwa mahali pa watazamaji, nyuma kidogo ya mstari.

Sisi hatuwaambii mnyamaze kabisa. Makofi na yapigwe, na vigelegele visikose. Lakini twaomba mambo manne.

Kwanza, mafundisho mwachieni mwalimu.

Pili, sifuni kazi njema hata ya upande wa pili. Mtoto yule naye ana mama.

Tatu, kosa la mtoto lisitangazwe kiwanjani. Mrudipo nyumbani, muulizeni kwanza kama amefurahi, kabla ya kuuliza nani ameshinda.

Nne, walimu wachore mstari wa majivu, hatua chache nyuma ya ule wa kiwanja, na sote tusimame nyuma yake, mkubwa kwa mdogo. Jambo hili halina gharama; majivu yamo katika kila jiko.

Ndugu zetu wavuvi wajua ya kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mtoto aingiapo kiwanjani ni chombo kidogo majini. Nahodha wake ni mwalimu, naye mwamuzi ndiye mwenye kipenga. Sisi wengine na tuwe upepo mwema wa kumsukuma, tusiwe mawimbi ya kumzamisha.

Jumamosi ijayo yule mtoto aliyekwenda kuchunga na aitwe arudi kiwanjani, nasi tumpigie makofi, hata akifungwa.