Kilicho Chetu na Kilicho Amana

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo.



Nimetakiwa na wazee wa jamaa yetu niseme maneno machache juu ya kumiliki. Nilipoipata amri hiyo nilijiuliza: Mtu asiye na mali atasema nini juu ya mali? Nalikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma ng'ambo ya ziwa, na miembe miwili, na cherehani. Mwaka 2017 vita vilipotufikia Katanga tulivuka mpaka na nguo za mwilini. Hati ya kiwanja kile ninayo hata leo, imo katika mfuko wa nailoni, lakini nyumba sijui ina nani. Hata hivyo, nilipofikiri zaidi, niliona kwamba aliyepoteza naye ana la kusema.

Na tuanze na nchi hii iliyotupokea. Wenyeji wa Luapula husimulia habari za mama mmoja, jina lake Nachituti. Ndugu yake Nkuba, mtawala wa Washila, alimwua mwanawe. Mama yule akaenda kwa Mwata Kazembe wa Walunda kutaka haki. Kazembe akampiga vita Nkuba, akamwua. Na Nachituti akamtunuku Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, maana yake nchi na maziwa yake. Angalieni vizuri: Kazembe hakuiuziwa nchi, alipewa kwa kuwa aliitikia kilio cha aliyedhulumiwa. Basi aliyepokea udongo alipokea pamoja nao mashauri ya watu. Hii ndiyo maana ya kwanza ya kumiliki: si kusema "changu" tu, bali kukubali kuulizwa.

Tena tazameni sheria ya Zambia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1995 imeiweka ardhi yote mikononi mwa Rais kwa niaba ya wananchi. Hata raia apataye hati hupewa kwa muda, na kwa kawaida muda huo hauzidi miaka 99. Ikiwa mwenyeji naye ameshika kwa muda, sisi wageni tutaonaje haya kulima shamba tusiloweza kuliuza? Na juu ya wote hao yuko Mwenye mali wa kweli, naye ametukabidhi sisi kwa siku chache tu.

Ndugu zangu, hayo niliyajua kwa kichwa tangu chuoni, lakini sikuyafanya. Nami nitawasimulia aibu yangu, maana mwenye kuhubiri aanze na nafsi yake.

Mantapala ilipofunguliwa Januari 2018 tulitolewa Kenani tukaletwa hapa, tukagawiwa viwanja vya kujenga na vya kulima. Nilijenga kibanda, shamba nikaliacha. Misimu miwili ya mvua ilipita. Nikiulizwa, nalisema: "Hili si langu, kesho narudi kwetu." Watu waliyasikia maneno hayo wakadhani ni subira, kumbe ulikuwa uvivu uliovaa kanzu. Jirani yangu mmoja, mwenyeji, wala si Mwislamu, aliyaona majani yalivyosimama. Asubuhi akaleta mzigo wa vijiti vya mihogo, akautua mlangoni, akaenda zake. Sikuvipanda. Vikakauka palepale.

Mke wangu akaniambia: "Mwalimu, wawafundisha watoto kwamba kila mtu ni mchungaji, naye ataulizwa juu ya alichochunga. Vijiti hivi ataulizwa nani?"

Sikuwa na jawabu. Nilikwenda kwa jirani, nikamtaka radhi, nikamwomba vingine. Alinipa, na akaja mwenyewe kunionyesha kupiga matuta. Leo twala mihogo yetu na sombe yetu, na mzigo mmoja wa vijiti nimekwisha kumpa mwingine. Hati ya shamba lile sina. Lakini kazi iliyomo ni yangu, na uvivu uliotangulia ulikuwa wangu vilevile. Vita havikuniamuru kuacha kulima.

Zimepokewa habari kwamba Abdurrahman bin Auf alipohamia Madina hakuwa na kitu. Ndugu yake Saad bin Rabii, mtu wa Madina, akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Akaanza na biashara ya jibini kavu na samli. Naye mtu mwingine alikuja kumwomba Mtume, salla Llahu alaihi wa sallam. Mtume akamwuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na tandiko na chombo cha kunywea maji. Vikauzwa kwa dirhamu mbili: moja ya chakula, na moja ya shoka, akaambiwa aende akate kuni, asionekane kwa siku kumi na tano. Aliporudi alikuwa na dirhamu kumi. Yule mtu hakuulizwa amekosa nini. Aliulizwa ana nini.

Lakini fahamuni: simlaumu mgonjwa, wala mzee, wala mjane mwenye watoto wadogo. Haki yao iko juu yetu, na kuipokea si aibu. Wala simwambii mtu asahau alichonyang'anywa. Hati yangu nitaitunza, na nikifa wanangu watairithi, kwa maana dhulma haifutwi na miaka. Nasema tu kwamba hati iliyo mfukoni haizuii mkono kushika jembe.

Sasa nageukia jambo letu sote. Mwaka uliopita bomba letu la maji liliharibika. Siku kumi na tisa akina mama walikwenda mtoni na ndoo kichwani, nasi wanaume tukikaa kivulini tukisema: "Bomba si letu, ni la waliolileta." Hatimaye kijana mmoja alichangisha kwacha chache, akalifungua, akakuta mpira mmoja umelika. Likatengenezwa kabla ya Alasiri. Tulilala kiu siku zote hizo kwa ajili ya neno "si letu."

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumekwisha kupita siku ya tatu kwa miaka. Tusingoje kupewa, tuliombe wenyewe. Nawaombeni leo, kabla hatujatawanyika, kila nyumba iandike jina lake katika daftari la bomba, na kiasi iwezacho kutoa kila mwezi, hata kikiwa kidogo. Na wawili wachaguliwe kulitunza, nao watusomee hesabu kila mwezi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Jina la kwanza liwe langu, kwa maana deni langu ni kubwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu kwa kidogo tulichopewa, awalipe kheri wenyeji waliotupokea, na aturudishie haki zetu kwa amani. Amin.

Wabillahi taufiki.