MKONO MMOJA HAUSOMESHI

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana:

Mmetutaka tuseme juu ya watu wanaowasaidia vijana waliopata nafasi ya kusoma Chuo Kikuu. Sifa za wanafunzi wenyewe tumezizoea. Anayefaulu hupigwa picha amevaa joho, na jina lake hutangazwa. Lakini waliomfikisha pale hawatangazwi. Leo twataka kuwasema hao, maana kazi yao ndiyo inayotungoja sisi hapa.

Tuchukue mfano wa majirani zetu wa Kenya. Katika 1959 Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa zikitegemea Makerere peke yake kwa shahada, na vijana waliofaulu walikuwa wengi kuliko nafasi. Uhuru ulikuwa unakaribia, na nani angeshika ofisi za wakoloni? Ndugu Tom Mboya alikwenda Marekani mwaka ule, akahutubia mikutano mingi, akaomba vyuo viwape Waafrika nafasi za bure. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kukodi ikaondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mpaka 1963 waliosafiri kwa mpango huo walikaribia 800. Wengi walikuwa wa Kenya, lakini baadaye wa Tanganyika na wa nchi nyingine za Afrika walikuwamo pia.

Serikali ya kikoloni haikufurahi. Ilisema vyuo vile vya Marekani havina kiwango, na kwamba wanafunzi wale hawakustahili. Basi msaada ukatoka kwa nani?

Kwanza, ulitoka vijijini. Chuo kilitoa nafasi ya masomo, lakini mwanafunzi alitakiwa awe na fedha za kumtunza akifika ugenini. Wazazi wakauza ng'ombe na mbuzi. Majirani wakafanya karamu za chai na ngoma, kila aliyeingia akitoa chochote. Wengi waliochanga walikuwa hawajui kusoma, wala hawakuwa na mtoto wao ndani ya ndege ile. Siku ya kuondoka watu kwa maelfu walikwenda uwanja wa ndege kuaga. Hawakwenda kutazama ndege tu, bali kumsindikiza mtoto waliyemtuma wenyewe.

Pili, ulitoka kwa Wamarekani, na hasa Wamarekani weusi waliokuwa nao wakipigania haki zao. Mchezaji mashuhuri Jackie Robinson, na waigizaji Harry Belafonte na Sidney Poitier, walitia sahihi zao katika barua za kuomba fedha za nauli. Martin Luther King, aliyekuwa na vita vyake mwenyewe huko Alabama, alikubali kusaidia mwanafunzi mmoja wa Kenya aliyekwenda chuo cha Tuskegee. Katika 1960, serikali ya Marekani ilipokataa kulipa nauli, Mboya alimwendea Seneta John Kennedy, na mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000.

Tatu, wapo wale ambao hata majina yao hayasomwi: makarani waliojaza fomu na kujibu barua usiku, walimu walioandika vyeti vya tabia njema, na familia za kigeni zilizowakaribisha wanafunzi siku za likizo, wakati bweni limefungwa na mtoto hana pa kwenda. Fedha humfikisha mtu chuoni, lakini mara nyingi watu kama hao ndio humfanya abaki.

Katika safari za 1960 alikuwamo msichana mmoja kutoka Nyeri, Wangari Muta, ambaye dunia ilimjua baadaye kwa jina la Wangari Maathai. Alisoma chuo kidogo cha masista katika jimbo la Kansas, akamaliza 1964. Katika 1977 alianzisha kazi ya akina mama kupanda miti, na katika 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Je, msaada wake ulianzia Marekani? La. Yeye mwenyewe alieleza kuwa ulianzia jikoni kwao. Kaka yake aliuliza kwa nini Wangari haendi shule kama wao wavulana, na mama yao, mkulima asiye na mali, akaona hakuna sababu ya kumzuia. Kama kaka angenyamaza, au mama angesema hapana, Kennedy angempa nani nauli?

Nasi Watanzania tusijidharau. Chuo Kikuu chetu kilipoanza Oktoba 1961, hakikuwa na nyumba. Chama cha TANU kilitoa jengo lake la Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, wanafunzi wa kwanza wa sheria wakasomea humo. Chama kilihesabu kuwa darasa ni siasa, na siasa ni darasa.

Sasa tuje kwetu. Tunasikia watu wakisema, "Siku hizi kuna Bodi ya Mikopo, serikali italipa." Ni kweli, Bodi ipo tangu 2005, na imewafikisha wengi mbali. Lakini wapo wasiopata mkopo, na wapo wanaopata sehemu tu. Hata aliyepata, mara nyingi hufika chuoni kabla fedha hazijafika. Wiki hizo za kwanza ndizo zinazovunja watoto wa maskini. Mtoto wa tajiri hula, na mtoto wa mkulima huhesabu siku.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu maombi manne.

Kwanza, tawi liwe na mfuko wa nauli na chakula cha mwezi wa kwanza. Haba na haba hujaza kibaba. Uwe na mweka hazina na daftari, na daftari lisomwe mbele ya mkutano kila miezi mitatu. Fedha isiyosomwa hadharani huota miguu.

Pili, mfuko usiulize mtoto ni wa nani, kabila gani, au baba yake ana kadi ya chama. Uulize amefaulu au hakufaulu, na ana shida au hana. Na msichana asiwekwe nyuma.

Tatu, msaada usiwe kamba. Asiwepo mfadhili wa kumwita mtoto kila Jumamosi aje kushukuru, wala wa kudai kwa msichana lisilosemeka. Anayefanya hivyo si mfadhili, ni mnunuzi, na mkutano huu umfukuze.

Nne, ninyi mliokwisha kusoma kwa mkopo, lipeni. Deni lile likilipwa husomesha mwingine. Anayelikimbia hadhani kuwa ameiba, lakini nyuma yake yupo kijana aliyefungiwa mlango.

Na ninyi vijana mnaosaidiwa, hatuwadai magoti yenu. Tunawadai kazi. Akina mama wauza maandazi wanaochanga hapa hawatasoma vitabu vyenu, lakini watatibiwa na daktari mtakayekuwa, na kesi zao zitasimamiwa na wakili mtakayekuwa. Mkiwasahau, mtakuwa mmekula mbegu.

Ndugu wanachama, wazee wetu walisema mkono mmoja haulei mwana. Nasi twasema hausomeshi pia. Daftari liko juu ya meza, na kalamu ipo. Anayeweza kutoa fedha aandike, asiyeweza ajitolee kujaza fomu za watoto, na mwenye chumba karibu na chuo aseme.

Uhuru na Kazi!