Tulitia Sahihi Bila Kusoma

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia



Niliombwa nizungumze juu ya teknolojia na demokrasia. Najua wengine wenu mkisikia maneno hayo mnasema moyoni, "Hayo ni ya watu wa Nairobi wenye kompyuta." Basi nitaanza hapa kwetu kijijini, tena nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita tuliitwa kwenye ukumbi wa shule kujadili makadirio ya pesa za kaunti. Kutoka kikundi chetu tulienda watu kumi na wawili. Mlangoni tulipewa karatasi tutie sahihi. Mimi nilikuwa namba 7. Afisa akasoma kitabu kikubwa cha Kiingereza haraka haraka, akauliza kama kuna swali, watu kimya. Tukapewa soda na nauli, tukarudi nyumbani.

Mwaka uliofuata tulienda kuuliza: lile tangi la maji tuliloahidiwa liko wapi? Tukafunguliwa faili. Ndani imeandikwa kwamba wananchi walikubali mradi wa maji uondolewe. Chini yake kuna sahihi zetu. Namba 7 ni mimi.

Ndugu zangu, hakuna aliyeghushi sahihi yangu. Niliitia kwa mkono wangu, na akina mama wakaendelea kubeba mitungi kutoka mtoni.

Sasa, teknolojia ya raia ni kitu gani? Ni chombo chochote kinachomsaidia mwananchi kujua mambo ya serikali yake, kusema analotaka, na kukagua kama limefanyika. Chaweza kuwa simu, ramani au kompyuta. Hata daftari ni chombo. Lakini jembe halilimi likiwa limeegemezwa ukutani. Nitawapa mifano mitatu.

Wa kwanza ni Fomu 34A. Aliyewahi kuwa wakala katika kituo cha kura anaijua. Ndiyo fomu inayoandikwa kura za urais za kituo kimoja, ikatiwa sahihi na msimamizi na mawakala, na nakala ikabandikwa hapo kituoni. Mnakumbuka tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais wa mwezi wa Agosti, na jambo moja lililobishaniwa sana ni jinsi matokeo yalivyopelekwa. Uchaguzi wa 2022 ulipofika, tume iliweka picha za fomu hizo kwenye intaneti, kutoka vituo zaidi ya 46,000. Mtu wa Lodwar angeweza kusoma fomu ya Lamu na kujumlisha mwenyewe.

Hiyo si kazi ngeni kwetu. Ni kama mweka hazina anapofungua kitabu mbele ya wanachama wote. Lakini picha inaonyesha tu kilichoandikwa. Wakala akienda kulala kabla ya kuhesabu kwisha, au akitia sahihi bila kusoma kama mimi, hiyo picha itatusaidia nini?

Mfano wa pili ulizaliwa hapa Kenya wakati wa machungu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha katika ghasia. Januari 2008 vijana wachache, akiwemo mwanasheria Ory Okolloh, walitengeneza ramani kwenye intaneti wakaiita Ushahidi. Mwananchi alituma habari kwa simu au kompyuta: hapa nyumba zinachomwa, pale barabara imefungwa. Habari zikawekwa kwenye ramani ili wote waone. Mwaka wa 2010, tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti, programu hiyohiyo ya Wakenya ilitumika kuonyesha mahali watu walipohitaji msaada. Lakini kila habari ilitakiwa kuchunguzwa, maana simu hubeba uwongo upesi kama inavyobeba ukweli. Hili mnalijua. Ni mara ngapi tumepata ujumbe ukatutia hofu, tukautuma kwa wengine, kisha ikaonekana si kweli?

Mfano wa tatu uko mbali, lakini mtauelewa upesi kwa sababu unafanana na vikundi vyetu. Katika mji wa Porto Alegre, kusini mwa Brazil, mwaka wa 1989 wananchi walianza kushiriki kupanga pesa za mji. Kila mtaa ulifanya mkutano, watu wakapanga kipi kitangulie: maji, mitaro, lami au shule. Wakachagua wajumbe wa kufuatilia. Mtaa uliokosa zaidi ulipewa alama zaidi. Na kabla ya kuanza orodha mpya, watu walielezwa yaliyofanyika na yasiyofanyika katika mpango wa mwaka uliopita. Katika miaka ya 1990 karibu nyumba zote za mji zilifikiwa na maji. Chombo chao kikubwa kilikuwa mkutano na orodha iliyo wazi. Miaka ya baadaye viongozi walibadilika, na nguvu ya mikutano ile ikapungua. Kwa hiyo hata mpango mzuri hufifia usipolindwa.

Turudi kwetu. Baada ya ile aibu, tulijifunza kwamba tunayo haki iliyoandikwa. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika aweza kusema kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kuliandika. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Kuleta ombi hakulipiwi; waweza kulipa gharama ya kutoa nakala. Ukinyimwa, unaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Ombudsman.

Tuliandika barua kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Tuliomba nakala ya kumbukumbu za mkutano ule na orodha ya miradi ya wodi. Tukabaki na nakala ya barua iliyopigwa mhuri na kuandikwa tarehe ya kupokelewa. Siku ya kumi na tisa tukajibiwa. Mkutano uliofuata tulikwenda na karatasi zetu, na katibu wetu akaandika kila lililosemwa. Tangi limerudi kwenye orodha. Bado halijajengwa, nisiwadanganye. Lakini sasa ofisi inajua kwamba kuna watu wanaohesabu siku.

Kwa hiyo nawaomba kila kikundi kichague watu wawili, mmoja awe kijana anayejua simu vizuri, mwingine mtu mzima anayejua historia ya miradi yetu. Kazi yao iwe kuuliza, kuweka nakala, kupiga picha mradi ulipofikia, na kutusomea kwa lugha tunayoielewa. Na sisi sote tukikabidhiwa kalamu mlangoni, tuulize kwanza: sahihi hii ni ya kufika, au ni ya kukubali? Ikiwa ni ya kufika tu, yaandikwe maneno hayo juu ya karatasi.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni mradi gani hapa kwetu ulioahidiwa na haujaonekana? Nani anayo karatasi yake?
2. Mara ya mwisho tulipotia sahihi katika mkutano wa serikali, tulikuwa tumekubali nini?
3. Je, kitabu cha kikundi chetu kiko wazi kwa kila mwanachama, kama tunavyotaka cha kaunti kiwe?