Mwanafunzi akisie kwanza, ndipo apime

Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakufunzi, vijana na wazazi wa Nadapal. Yamefupishwa kidogo ili yatoshe ukurasa.

Niseme mapema kwamba mimi si mwalimu wa sayansi. Nilisomea uandishi wa habari. Ila kazi yangu hunifikisha kwenye visima na zahanati, na kila pampu ya sola inaposimama swali huwa ni lilelile: nani hapa karibu anaweza kujua kilichoharibika? Fundi akisubiriwa kutoka Lodwar, au mbali zaidi Kitale, kina mama hurudi kuchimba mchanga wa lagha kutafuta maji, na mbuzi hungoja zamu yao.

Katiba ya 2010 iliziachia kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo namna kijana anavyofundishwa umeme au maji katika vyuo hivyo ni jambo letu, si la Nairobi peke yake.

Mnajua somo la sayansi linavyokwenda mara nyingi. Mkufunzi anaandika ubaoni, vijana wananakili, kanuni inakaririwa hadi siku ya mtihani. Kijana huyo atakutajia uhusiano wa volti, mkondo na ukinzani bila kusita. Mpe mita na betri iliyochoka, anakutazama tu.

Kuna njia nyingine, na haihitaji maabara ya mamilioni. Chukua paneli mbili za sola zinazofanana. Moja ilaze moja kwa moja juu ya mabati. Nyingine iinue kwa mbao ili upepo upite chini yake, mlalo uwe uleule, jua liwe lilelile. Kabla ya kupima, waulize wanafunzi: ipi itatoa umeme zaidi? Kila mmoja aandike jibu lake bila kuchungulia. Kisha amtafute mwenzake mwenye jibu tofauti, wabishane kwa dakika chache. Wapige kura tena. Hapo ndipo mita itolewe.

Wengi husema ile ya kwenye mabati, kwa kuwa ina joto zaidi, na joto si ndilo jua? Mita inasema kinyume. Paneli za kawaida hupimwa kiwandani zikiwa na nyuzi joto 25, na kila nyuzi moja ikizidi hapo, nyingi hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu zake. Paneli ikifika nyuzi 65, jambo la kawaida kabisa kwa jua letu, imepoteza kama asilimia 16. Paneli hutumia mwanga. Joto linaipunguzia nguvu. Kijana aliyekisia vibaya kisha akaona mita kwa macho yake hatasahau kuacha nafasi ya upepo atakapofunga paneli kwenye kisima cha watu. Yule aliyenakili sentensi hiyo ubaoni, mimi simwamini sana.

Utaratibu huu wa kukisia, kubishana na jirani na kupiga kura tena ulipata umaarufu kupitia mwalimu wa fizikia wa Harvard, Eric Mazur, aliyeanza kuutumia mapema miaka ya 1990. Mwaka 2014 watafiti walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni, nyingi za Marekani. Katika madarasa ya mhadhara mtupu, walioanguka walikuwa kama 34 kwa kila 100. Wanafunzi walipofanya kazi wenyewe darasani, walikuwa 22. Najua Marekani si Kakuma, na darasa lililofurika si darasa la watu 30. Lakini karatasi na jirani wa kubishana naye hata Kakuma vipo.

Wenzetu hawakungoja Marekani. Mwaka 1963, katika shule ya Magamba nchini Tanzania, mwanafunzi Erasto Mpemba aliweka maziwa ya moto kwenye friza akitengeneza aisikrimu, yakaganda kabla ya ya mwenzake aliyeweka yake bila kuyachemsha. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, aliuliza tena, wakamcheka. Aliyemsikiliza ni Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam, ambaye alirudi chuoni akataka jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walilichapisha, na hadi leo wanasayansi wanabishana juu yake. Fikirieni kama kijana yule angekata tamaa baada ya kuchekwa mara ya kwanza.

Hapa Kenya mradi wa SMASSE, ulioendeshwa na Wizara ya Elimu pamoja na Wajapani kuanzia 1998, uliwafunza walimu wa sekondari mambo hayahaya: shughuli badala ya mhadhara, mwanafunzi katikati, jaribio, na kujitengenezea vifaa kwa vilivyopo. Ulianza katika wilaya 9. Turkana haikuwamo. Ulipopanuliwa nchi nzima, mengi yalibaki kwenye warsha, kwa sababu mwalimu akirudi shuleni alikuta silabasi ndefu na mwalimu mkuu anayeuliza umefika ukurasa wa ngapi.

Hilo ndilo tatizo letu pia, na siwezi kulificha. Somo la paneli mbili hula asubuhi nzima. Mkufunzi anayelifanya atachelewa kwenye ratiba. Nionavyo mimi, afadhali kijana amalize mada chache anazoweza kuzifanya kwa mikono kuliko daftari tatu asizoweza kuzitumia. Wanaokagua vyuo wakiendelea kuhesabu kurasa, mkufunzi mwenye bidii ndiye atakayeadhibiwa.

Nanyi wazazi, naomba subira. Mtasikia mtoto akisema mwalimu hafundishi siku hizi, anatuacha tubishane tu. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walilinganisha madarasa mawili ya namna hiyo: waliofanya kazi wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri. Mtihani ulipokuja, wao ndio walioshinda. Kwa hiyo msiende kumshtaki mkufunzi kwa chifu kabla ya kumwomba kijana awaonyeshe anachoweza kutengeneza.

Nimesema ya kutosha kwa mtu asiye mwalimu. Mkufunzi wa umeme ameshaweka paneli mbili nje tangu asubuhi, moja kwenye mabati na moja juu ya mbao. Mita anayo yeye. Karatasi zinapitishwa sasa. Hata ninyi wazee mliokwisha kusikia jibu, andikeni mnadhani tofauti itakuwa volti ngapi, kisha twende jikoni kwa umeme wenyewe.